Michi Mitatu

Tumboni mwa mota pameandikwa: kilowati tano na nusu.
Kutu imekula jina la kiwanda, namba imebaki,
deni ndivyo hubaki.
Akina mama wa Mahuta wameinunua Masasi,
mtumba uliopakwa kijani kibichi
ili usiulizwe umri.
Ibangue korosho, vidole vya Somoe vipumzike
na mafuta ya ganda yaliyomchubua
hata mashine ya kusajili laini ikamkana mara mbili,
ikasema huyu mtu hana alama.

Nimeitwa kwa sababu fyuzi imekatika mara tatu
na mara ya nne Bwana Likonde akaweka msumari.
Nimeuchomoa. Ungali wa moto.
Nimeutia mfukoni, sikumrudishia.

"Basi tuambie, fundi, hizi kilowati ni ampea ngapi?"
Bwana, umeuliza nauli
hujataja njia.

Nikaokota mkaa, nikaandika ukutani.

Betri ya sola pale msikitini, volti kumi na mbili:
mkondo mnyoofu hauna makuu, wati gawa kwa volti.
Taa za wati sitini, ampea tano, umemaliza.
Lakini mota hii kwenye betri ile
ingedai ampea mia nne hamsini na nane,
na waya mnene kama mkono wa mtoto.
Wakacheka. Likonde hakucheka.

Sasa huu wenu, fezi moja, volti mia mbili thelathini,
ambao muuzaji kaufunga kapasita
mota ilazimike kuzunguka.
Birika halina siri: wati elfu mbili mia tatu, ampea kumi.
Mota ina wageni.
Mnawajua: wanaokuja shughulini, wakakaa,
wakasifu pilau, wakarudi kwao
bila kushika mwiko.
Kazi hawakufanya, ila mlangoni wamepita,
na mlango lazima uwatoshe.
Hesabu yao huitwa kipengele cha nguvu;
tuseme nukta themanini na tano.
Zidisha kwa volti, kisha ndipo ugawe.
Ishirini na nane.
Waya wenu na fyuzi yake ni wa ishirini.
Msumari hauna kiwango,
msumari unakubali chochote,
mpaka dari.

Kimya. Kila mtu pale analijua ghala la Chikongo,
magunia yaliyoungua siku mbili.

Somoe ndiye aliyeuliza: "Na hiyo fezi tatu?"
Nikamuuliza mmewahi kutwanga watatu, kinu kimoja?
"Kila siku ya arusi."
Mnapiga pamoja?
"Tutavunjana vidole! Mmoja anashuka, mwingine yuko katikati,
mwingine ndio anapanda."
Hiyo ndiyo fezi tatu.
Kinu hakipumui, na hakuna anayechoka peke yake.
Kwa hiyo volti mia nne,
mara moja nukta sabini na tatu, kipeuo cha tatu
(si tatu kamili, kwa sababu hampigi pamoja),
mara wageni wetu walewale.
Gawa.
Tisa nukta tatu kwa kila waya.

Mzigo uleule. Sikupunguza hata wati moja.

Wakachanga. Fomu ilipelekwa Tandahimba, ikarudi, ikapelekwa tena.
Korosho za mwaka huo zilibanguliwa kwa mkono.

Nguzo zilipofika nilifunga breka mwenyewe,
nikazungusha koleo la kupimia kwenye waya wa kwanza:
kumi nukta saba.
Likonde alikuwa begani kwangu. "Fundi, ukutani si umeandika tisa?"
Kweli niliandika tisa.
Nilisahau kwamba mota nayo hula kabla ya kulisha,
na kile kibandiko hutaja kinachotolewa tu,
si kinachoingia.
Nikachukua mkaa, nikasahihisha mbele yao wote.

Somoe aliweka kiganja juu ya ile rangi ya kijani.
"Ina joto."
Ndiyo, nikamwambia. Hizo ndizo ampea
nilizokosea.