Alhamisi, Nyuma ya Fundi Viatu

Tunavua viatu katika duka la mtu ashonaye viatu.
Sanal hulicheka jambo hilo kila wiki,
na kila wiki kama ndiyo kwanza limjie.
Jozi kumi na moja. Theluji inawayeyukia
juu ya gazeti la juzi, juu ya uso wa waziri fulani.

Nje ni Elista, Januari, na upepo wa nyika
unagongagonga bati kama mdai.
Ndani tuna mito tisa; wawili hukunja makoti yao.
Tumekalia mito, na hakuna hata mmoja unaotiririka.

Delgir, nesi mstaafu wa wodi ya wazazi,
ndiye mwenye kengele. Lama huja akipata gari.
"Mimi nina funguo tu," husema Delgir,
kisha hugonga mara moja, na kusema: "Kaa."

Nami nasikia kaa. Kaa la moto.
Lipo hapa, chini ya titi la kushoto,
tangu kaka yangu Mingian auze nyumba ya mama kule Lagan,
ile ya paa la bluu, bila hata kunipigia simu.
Pumzi moja. Pumzi mbili.
Ukutani fundi anapigilia msumari.
Pumzi tatu. Alipata bei gani?
Pumzi nne, na nimo ndani ya jiko la mama,
nagombana na mtu asiyekuwepo,
nashinda.
Naanza upya. Moja.

Mtu anakoroma. Hatumwamshi;
Delgir anasema usingizi nao hufika kumi.

Baadaye chai, ya chumvi na siagi,
na sentensi moja ya mafundisho, moja tu kwa wiki,
kwa sababu mwaka jana tulijaribu ukurasa mzima
tukaishia kuzozana kuhusu bei ya kondoo.
Leo: kila kilichoungwa kitaachana.
"Na huzuni?" anauliza Ochir, mdomo umejaa maandazi.
"Nayo imeungwa?"
Hakuna anayemjibu. Mimi najifanya napuliza chai.
Sanal, mchomeleaji, ananyoosha mikono yake yenye makovu:
"Kiungo changu mimi hakiachani. Nendeni mkalitazame lango la shule."
"Kutu," anasema Bosya.

Bosya ana miaka themanini na sita na husema neno moja kwa mwezi.
Leo yakamtoka mengi.
Alikuwa na miaka minne treni ilipowapeleka Siberia.
Tasbihi ya mama yake ilibaki chini ya godoro, nyumbani,
kwa hiyo mama akawa anasali kwa vifungo vya koti,
kidole kikishuka kutoka shingoni hadi tumboni.
Vilikuwa tisa. Kimoja kikaenda kwa viazi.
Kimoja kwa dawa ya kikohozi, na kikohozi hakikupona.
Waliporudi vilikuwa vitatu,
na koti likifungwa kwa kamba.
"Nilimuuliza, mama, sasa unasalije?
Akasema, nafika haraka."

Bomba la joto likagonga mara mbili, likanyamaza.
Sanal aliinuka kuosha vikombe
ingawa haikuwa zamu yake.

Delgir akafunga mlango, akajaribu kitasa,
akajaribu tena, kama afanyavyo.
Tukaagana kwa haraka za watu wenye baridi.

Nilikuwa nimeshapita kituo cha basi, nimeshapita soko,
ndipo nikagundua kiatu cha kushoto si changu:
kinanipwaya, kina joto la mguu mwingine,
soli yake imeshonwa upya kwa uzi mwekundu.
Mahali fulani katika mji huu
mtu anabanwa na cha kwangu.
Nikasimama. Simu mfukoni, vidole vimekufa ganzi.
Nikaendelea, mguu mmoja wangu, mmoja wa jirani,
moja, mbili, tatu,
moja.