Usianze na Juzuu ya Kwanza

Halszka, umeniuliza pa kuanzia,
nami nina dakika kumi na moja kabla ya zamu.
Vua glavu, mimina chai, nisikilize:
usianze na juzuu ya kwanza.

Ya kwanza ina ramani tatu, nasaba ya wafalme kumi na tisa,
na farasi mmoja wa kijivu
anayesifiwa kurasa nne nzima, kisha anakufa.
Wengi wameishia hapo, kwenye mzoga.
Ziemowit wa karakana aliitumia kuzibia dirisha
Januari yote, na unaijua Januari ya Wrocław;
theluji ikawalowesha wafalme wote.

Anza na ya pili. Humo yumo Ormenda,
mgonga sarafu, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu,
anayegundua kwamba kila sarafu anayoigonga
inamega siku moja ya mtu asiyemjua.
Naye ana watoto wa kulisha.
Hesabu hiyo niliipiga nikiendesha tramu namba saba,
nikapita kituo cha sokoni bila kusimama,
abiria wakanigongea kioo kwa miavuli.

Unapenda majoka? Yumo mmoja.
Kazeeka, moto umemwishia, kabaki na kikohozi.
Ya tatu ivumilie; mwandishi alikuwa na ugomvi na mtu
na sote tunalipa.
Ya nne usiisome ukiwa peke yako.
Dobromir atakwambia ana msururu bora kuliko wangu,
vitabu kumi na vinne, uchawi wenye vifungu na vifungu vidogo
kama sheria ya kodi.
Msikilize kwa adabu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Ya tano utaikuta na penseli pembeni:
"Mwongo huyu!" "Usimwamini!" "Ala!"
Huo ni mkono wa Zenon, fundi wa njia za reli,
aliyesoma kama mtu anayegombana na jirani.
Ya sita tuliimaliza pamoja, yeye kitandani,
ghorofa ya nane, mirija puani,
mimi na sare yangu yenye harufu ya grisi.
Nayo, nakuonya, inakatikia pabaya:
nyundo iko hewani, sarafu ya mwisho iko juu ya fuawe,
ukurasa mweupe.

Miaka tisa mchapishaji akiahidi "mwakani".
Zenon hakuwa na mwakani.
Akaniuliza: anagonga au hagongi?
Nikasema: ya saba imetoka jana, nimekesha nayo.
Sijawahi kudanganya hivyo, hata mbele ya mkaguzi.
Jioni tatu nilimsimulia kitabu kisichokuwapo.
Nilimrudishia joka moto wake, kidogo tu,
wa kuyeyushia sarafu moja.
Nilidhani nimemaliza. Akafumbua jicho:

Na farasi?

Basi nikamfufua farasi, Halszka. Ningefanyaje?
Nikamleta langoni alfajiri, wa kijivu, bila tandiko,
na Zenon akacheka hadi muuguzi akaja mbio.
"Nilijua," akasema. "Tangu kitabu cha kwanza nilijua."

Ya saba ilitoka Machi.
Imo kabatini mwangu, bado na nailoni yake.
Ukiifikia, ichukue; ufunguo uko chini ya kopo la sukari.
Soma, lia, tukana, upendavyo.
Mwisho wake usinieleze.
Wangu ninao.

Kengele hiyo. Nipe glavu zangu.
Na lile neno la mwanzo nalifuta:
anza na ya kwanza.
Ukifika kwa farasi, usikimbie.