Nguzo ya Saba

Nguzo kumi na mbili za chuma, pale Igogo,
zimesimama tangu Machi bila sakafu.
Rangi yao nyekundu ya kuzuia kutu
imenasa wadudu wa ziwani: walikuja usiku kama moshi,
wakakwama, wakakauka.

Fundi Lugembe si mtu wa maneno.
Anagongelea mbao nne kuizunguka nguzo,
anakikongoa kisanduku, anakizungusha
mpaka pembe zielekee mistari ya mkato.
"Almasi," anasema. "Ya Mwadui hatuipati. Tuchonge ya mbao."

Mimi mbeba karai. Nikauliza,
maana zege ni hela na shimo ni hasara:
kwa nini sakafu isikikumbatie chuma?
Akapiga kisigino, vumbi likaruka.
"Nguzo imekanyaga jabali. Sakafu imelalia kifusi.
Wa jiwe na wa udongo hawazami sawa.
Wafunge pamoja uone
nani atamrarua mwenzake."

Tukamwaga tangu saa kumi na moja alfajiri,
mashine inakohoa, kokoto zinanguruma tumboni mwake,
Shija na vaibreta, buti zimemezwa hadi ugokoni,
nami naenda, narudi, nahesabu safari,
themanini, tisini,
naacha kuhesabu.
Saa nane upepo ukageuka.
Mvua ikasimama juu ya maji, mbele ya Saanane,
kama ukuta uliopakwa chokaa.
Haraka! Haraka jamani!
Na katika haraka hiyo nguzo ya saba
haikuvikwa almasi.

Niliona.
Karai langu ndilo lililoijaza kona ile.
Zege likapanda kwenye kifundo cha chuma,
laini kama ugali wa udaga,
likanyamaza.

Siku saba tukainywesha sakafu maji.
Ndipo tukajaza zile almasi, karatasi ya lami katikati,
unene wa kidole, chuma huku, zege kule.
Kumi na moja.
Lugembe akahesabu. Akanitazama.
Akahesabu tena.

Leo nimo humo humo, zamu ya asubuhi,
aproni nyeupe, kisu, sangara.
Ufa ulianzia penye kona ya chuma,
mwembamba kama unywele, ukapinda mara moja,
ukafika chini ya meza yangu.
Maji ya kuoshea samaki yameshaujua,
hupita hapo kila siku na magamba mawili matatu,
nami huinua mguu,
nikayapisha.