Njano

Mwezi wa kumi, Kigwe, mvua bado haijaamua,
Ndalu alifika na pikipiki na daftari la jalada gumu.
Akasema mbukwa kwa lafudhi ya chuo,
akaomba kigoda, akaomba maji,
akauliza: Mama Chedego, wamekuja?

Nikamwonyesha juu kwa kidevu.
Nyaya za treni ya umeme zilikuwa zimejaa.
Koo la njano, kifua cha bahari ambayo sijaiona,
mgongo wa karanga zilizosahauliwa kidogo kikaangoni.
Pruu, pruu, wanaitana,
kama maji yanayochemka ndani ya filimbi.

Keremkerem. Sisi watu wa mizinga tuna jina letu jingine
lisilofaa kuandikwa kwenye daftari la serikali.

Nilimwambia: ndege mmoja, nimemhesabia mwenyewe,
nyuki kumi na wanane na chai yangu haijapoa.
Hawamezi hivihivi. Kwanza humgonga nyuki kwenye waya,
humsugua tumbo mpaka sumu imtoke,
kisha humrusha, humdaka,
nadhifu kuliko marehemu mume wangu na samaki wa Bahi.

Ndalu alicheka, akakunjua ramani.
Ulaya ya kusini hadi huko Asia, nyekundu: huko hutaga.
Ng'ambo ya Zambezi, buluu: huko hukwepa baridi ya wenyewe.
Katikati, ukanda mrefu wa njano.
Na hapa kwetu?
Hapa njano, mama. Hapa wanapita tu.

Wanapita tu.
Nikaitafuta Kigwe, sikupata hata nukta.
Mizinga thelathini na mmoja,
mgunga uliokauka upande mmoja,
shimo la choo alilochimba Lugoha akaliacha kiunoni,
vyote njano,
vyote njia.

Kitabuni, akasema, anaitwa keremkerem wa Ulaya.
Huko anakaa miezi mingapi?
Minne. Mitano akichelewa.
Basi hiyo mingine ni wa nani?
Ndalu alikunywa maji.

Na hali yake?
Akasoma kwa kidole: haitii wasiwasi.
Dunia nzima wako mamilioni.
Haimtii nani wasiwasi, mwanangu?
Yeye ndege, au anayemwandika?
Akaandika tarehe.

Mimi sina ramani. Nina nguzo.
Mwaka juzi walijaza nyaya za nguzo sita, bega kwa bega.
Mwaka jana nne.
Leo, hesabu na wewe, tatu na nusu,
na hiyo nusu ina kunguru.
Labda wamebadili njia. Labda ni ile dawa
wanayonyunyizia alizeti upande wa Chipanga
inayonifanya nikohoe hadi usiku.
Sijui. Sikusomea.
Ninachojua: masika yaliyopita nilifungua mizinga tisa
nikakuta masega makavu, mepesi kama maganda ya vitunguu,
wala siyo ndege aliyekula huko ndani.

Zamani nilimnunulia mjukuu wangu Matonya mpira wa manati.
Nilimlipa shilingi mia kwa kila mkia.
Mwaka huu manati iko kwenye mfuko wa koti langu,
na Matonya ananuna.

Usidhani nimewapenda.
Ni kwamba mwizi akianza kukonda,
mwenye ghala naye achungulie ghalani.

Andika, nikamwambia Ndalu.
Kigwe, nguzo tatu na nusu.
Andika aliyehesabu ni mwenye nyuki,
hana sababu ya kuwaongeza.
Aliandika. Sijui kama kisanduku kilitosha.

Pikipiki ilipozama vumbini
kikombe chake kilibaki juu ya jiwe, maji yakiwa kidogo.
Nyuki mmoja alitua ukingoni, akatembea, akainama kunywa.
Juu wayani mmoja aligeuza kichwa.

Nilikaa katikati yao na mkono mfukoni.
Sikumfukuza yeyote.