Kilomita Nne kwa Saa

Mlima wa Holme Moss, saa kumi na mbili asubuhi.
Ukungu umelala barabarani
kama kondoo asiyetaka kupisha.
Mkanda wa kifuani wanishtaki:
mapigo mia moja sabini na tisa.
Gia zimekwisha. Miguu yadai malipo ya Jumanne.

Halafu kijikompyuta chalia, pii,
chaandika: UMESIMAMA.

Nimesimama?
Jasho hili ni la nani, basi?

Bwana Hinchliffe, miaka sabini na mbili,
ananipita akitafuna ndizi,
usukani wake mtupu, hauna hata kengele.
"Imebaki kona moja tu," anasema.

Ziko tatu.

Nakichomoa kile kidude,
nakitia mfuko wa mgongoni
kikahesabie gizani huko.

Kona moja.
Bado moja.
Bado moja.