Kunguru Asiyeruka

Majibu yamekuja saa nane za usiku,
stima ndio kwanza imerudi Kibokoni
na feni inajikuna shingo, krr, krr.
Picha arubaini nilizituma Jumatatu.
Arubaini zimerudi.

Hakuna matusi. Afadhali matusi,
mtu hujua pa kujibia.
Kila picha ina neno lake, kavu, kama cheti cha zahanati:
Chenga. Chenga. Haijatulia. Chenga.
Imeungua. Imetiwa chumvi.
Uchafu.

Nikafungua ya kwanza, hasira zingali mdomoni:
Bi Mwanatumu na karai lake la viazi, baada ya isha,
moto umemshika kidevu, mvuke umempa kilemba.
Shemeji yangu Shekue aliiona akasema,
"Hii, Athumani, hii ni ya kutundikwa."
Na kwenye simu, upana wa vidole vitatu,
ni ya kutundikwa kweli.

Sasa ikuze. Asilimia mia.
Isogeze polepole, kama mtu anayetafuta pini mkekani.
Macho ya Bi Mwanatumu yamefifia,
utadhani yamepakwa samli.
Kilicho wazi, kilichokatwa kwa wembe,
ni kijiko cha kuopolea. Ni tundu la nne la kijiko.
Baina ya uso wa mtu na kijiko
kamera yangu ilichagua kijiko.
Na lile giza nyuma yake, nililolisifu kwa weusi wake,
ni mchele, mwekundu na wa buluu, umemwagwa kila mahali,
kwa kuwa niliilazimisha mashine ione
kuliko macho yake.

Mapembeni, saa saba mchana:
weupe umeungua, hakuna bati wala msumari,
ni tundu tu la jua.
Mnara: ukingoni uzi wa zambarau,
fundi kasahau kuukata.
Bizari ya Marikiti niliivuta rangi
hata manjano yakapiga ukelele.

Halafu kunguru.
Yumo juu, kulia, kwenye picha ya Mapembeni, mdogo, mweusi.
Nikasema, Mombasa hii, kunguru hakosi.
Yumo juu, kulia, kwenye mnara.
Yumo juu ya feri, pale pale.
Yumo chumbani kwa shangazi,
juu, kulia, penye neti ya mbu.

Siku za mwizi arubaini. Zangu zilikuwa picha.

Nikaifungua kamera, nikaimulika kwa simu:
chembe moja, vumbi au chumvi, imekaa juu ya mboni.
Na ndani ya lenzi, kitambaa kisikofika,
kuvu imetandaza mizizi myembamba.
Bahari haikubisha hodi. Iliingia kwa hewa,
vile inavyoingia kwenye kikebe cha chumvi ikaigandisha,
kwenye sanduku la kanzu, kwenye mapafu ya babangu.
Miaka mitatu nimepiga kupitia ugonjwa.
Arusi ngapi? Nimewapa watu maharusi
wenye kunguru juu ya vichwa vyao
na hakuna aliyedai pesa zake.

Huyu mkaguzi simjui.
Hajui Kibokoni, hana nda ya viazi.
Nilitaka nimchukie mpaka alfajiri.
Lakini kati ya wote, na wote walinisifu,
ndiye peke yake aliyeitazama.

Jioni nikaenda na lenzi ya kuazima.
"Ile yangu ishauzwa?" akauliza Bi Mwanatumu.
"Imekataliwa. Macho yako hayakutulia."
"Macho yangu!" Akageuza kiazi, hakunitazama.
"Wewe ulisimama kule kwa Mzee Lali,
waogopa mafuta."

Nikaegemeza kamera juu ya dumu lake.
Tone likanirukia kifundoni.
Nikashika pumzi.