Selvä

Huku Nurmes, maji ya ziwa hayaitwi selvä.
Maji yana neno lake, vivyo hivyo kioo,
na mbingu ya Machi theluji inapong'aa hadi macho yakatoa machozi.
Selvä ni la watu.

Tauno akipigiwa simu pale kiwanda cha mbao,
misonobari mingapi, urefu gani, kabla ya saa ngapi,
hujibu neno hilo moja, akakata.
Yaani nimesikia. Yaani usirudie.

Raili bintiye alilijua kwa maana nyingine
kabla hajajua kusoma.
Ijumaa jioni ngazi zilisema:
hatua, hatua, kimya, kishindo.
Mama, mwiko mkononi, akanong'ona, "Selvä?"
— akili anazo? hajanywa? —
na mtoto, kwa kuwa sikio lake lilikuwa jepesi,
ndiye aliyekata hukumu.
Akiitikia kwa kichwa, sahani tatu mezani.
Asipoitikia, vaa buti, twende kwa Oili.

Ngoja, nimelirahisisha mno.
Zilikuwapo Ijumaa alizorudi mkavu kama ukuni,
akaketi, akamenya viazi bila kumtazama mtu,
maganda membamba, marefu, yakining'inia,
na hapo hapakuwa na lililo wazi hata chembe.

Mimi ninayeyaandika haya
nimelitafutia mwenzake katika Kiswahili.
Bayana ni la mahakamani. Dhahiri lina tai shingoni.
Kinagaubaga linapiga kelele mno kwa nyumba ile.
Wazi nililipenda, lakini wazi ni la mlango pia,
na mlango ule ulikuwa na komeo.

Februari hii Raili ana miaka arobaini na mmoja,
yuko Kuopio, zamu ya usiku imekwisha,
soksi moja mguuni, nyingine mkononi.
Simu. Sauti ya baba, siku ya tisini bila tone.
"Selvisin," anasema.
Ni neno lilelile, limegeuka kitenzi:
nimelevuka; nimenusurika; nimevuka; sasa naona.
Chagua.

Raili hachagui.
Nje gari la kukwangua theluji linapita,
linarudi, linapita tena palepale.
"Selvä," anajibu,
na kwa mara ya kwanza katika ukoo huo
neno limekwisha kusemwa
na hakuna aliyekata simu.